Bomba la Udongo la Mjomba

Mjomba wangu mhunzi alikuwa amebakiza jicho moja. Lile jingine lilipasuliwa na kigae cha bomba, hili bomba la udongo linalopeleka upepo wa mivukuto kwenye moto. Likiwa na ufa halafu likashika moto mkali, linaruka vipande. Kwa hiyo kila asubuhi alilisalimia, kisha akaligonga kwa ukucha. Likiwa zima hulia kama chungu. Likiwa bovu hujibu ko, kama mtu aliyefunikwa.

Mimi ndiye niliyekuwa navukuta. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, na nina mdomo usio na breki. Mjomba akisema, "Umelalaje, bomba?" najibu kwa sauti ya kibibi, "Vibaya, mjukuu wangu, mmeniunguza mdomo." Anacheka.

Jioni moja nilikuwa na haraka ya kuwahi pombe ya mbege. Bomba hulazwa kwenye majivu lipoe polepole. Mimi nikalitoa likiwa jekundu, nikaliweka kwenye ardhi yenye maji ya mvua. Likasema tik. Ufa mwembamba kama unywele. Nikausiliba kwa udongo na majivu, nikaenda kunywa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi migombani. Mjomba akasalimia. Kabla ukucha haujafika nikajibu haraka, "Mzima kabisa, mjukuu wangu." Akacheka, akasahau kugonga.

Nikavukuta. Moto ulipokuwa mweupe, bomba likaanza kuhema. Nikisukuma upepo, kimya. Nikiachia, linavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyelala chini ya ardhi.

"Acha utani, mpwa," mjomba akasema.

"Si mimi."

"Ni nani, basi?"

Akanitazama mdomo. Ulikuwa umefungwa, na pumzi ikaja tena. Akainama asikilize, jicho lake likiwa shubiri moja tu kutoka kwenye bomba. Mikono yangu ikaendelea kuvukuta. Nikisema, ananifukuza, narudi kuchuma kahawa kwa baba.

"Lina ufa," nikasema. "Nimelipasua jana."

Nikamvuta shati. Bomba likapasuka, kigae kikapita alipokuwa ameweka uso, kikachoma nguzo.

Hakunipiga. Alikaa chini, kiganja juu ya jicho lake zima, jembe tulilokuwa tunafua likipoa motoni. Pumzi ile bado nilikuwa naisikia, na bomba lilikuwa vipande.

"Ungevukuta mpaka lini?" akauliza taratibu.

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli.