Mkandaji Anayeinua Utosi kwa Kijiko

Jua la saa mbili limefika mlangoni. Hermelinda Súchite, mkandaji wa watoto katika milima ya Jocotán, amempakata Elmer, mtoto wa mwaka na mwezi, na anapapasa utosi wake. Umebonyea. Anaibana ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi polepole. Yesenia, mama wa mtoto, ameshausoma uso wake.

"Mpindue, doña," anahimiza Chavela, mama mkwe wa Yesenia, akimwita mkandaji kwa jina la heshima. "Kichwa chini, umpige nyayo. Utosi umeanguka, ndiyo maana anaharisha."

Huku kwetu wengi huamini hivyo, na ni kinyume kabisa. Kuharisha ndiko kunakoukausha mwili mpaka utosi ukadidimia. Hermelinda naye aliwapindua watoto miaka mingi, kama mama yake. Mmoja hakuamka, na tangu siku hiyo hapindui.

"Amenyonya leo?"

Yesenia anainama. "Nimekatazwa. Nilikuwa nikichuma kahawa, juani. Eti maziwa yamepata joto."

"Na amegombana na mwanangu," Chavela anadakia. "Maziwa ya hasira hayo. Nampa chai ya majani ya mpera."

"Mnyonyeshe, binti. Maziwa hayajui jua wala mume."

Hermelinda, ambaye wengi humlipa kwa mahindi au kuku, anachukua maji aliyoyachemsha alfajiri, yaliyokwisha kupoa. Katika lita moja anakoroga pakiti ya chumvi na sukari aliyopewa zahanati.

"Sasa hayo ndiyo yatainua utosi?" Chavela anacheka kwa dharau.

"Nauinua kwa ndani. Kila kijiko kinausukuma."

Elmer anakunywa kwa pupa, kisha anatapika yote. Yesenia anaanza kulia.

"Nilisema mimi," anasema Chavela.

"Tunangoja kidogo, halafu tunaanza tena, polepole zaidi. Lori la maziwa likipita, kama bado anatapika, au amelegea, au amekataa kunywa, tunapanda wote kwenda hospitali. Nikiona damu, hatungoji lori, tunashuka kwa miguu. Hata wewe utapanda, Chavela, na ukaidi wako."

Hakuna gari lingine hapa. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kumtazama Hermelinda akifanya kazi, amesahau kalamu. Anachungulia barabara.

Kijiko, kisha ziwa, kisha kijiko. Elmer hatapiki, lakini macho yake bado yamezama. Lori linasikika kwenye kona. Hermelinda anaweka kijiko chini na kujitanda shali, tayari kupanda.

Elmer, aliyenyimwa kijiko, anaangua kilio, na chozi linamtiririka shavuni. Tangu jana alikuwa akilia bila machozi. Hermelinda anagusa nepi: imelowa mkojo. Anampungia dereva apite.

"Bado hajapona," anawaonya. "Ataendelea kuharisha. Mpeni maji haya, anyonye, ale uji. Jioni lori linarudi. Akizidiwa, msinisubiri mimi."

Anamwambia mwandishi kwamba anataka kuwakusanya mama wakwe Jumapili, baada ya misa, awafundishe. "Hawa wasichana wananielewa. Lakini nyumbani si wao wanaoamua kama mtoto atanyonya."

 Chavela ananyoosha mkono.

"Lete kijiko," anamwambia Hermelinda. "Umechoka, utamwaga."