Swala Asiye na Kichwa

Siku yangu ya kwanza kuuza maji kioskini, hapa Newala, Msimamizi wa Maji alinikabidhi ufunguo wa koki akaniambia, "Mama Zuhura, ndoo ijae, na hela mbovu isiingie. Ikiingia, utailipa wewe." Basi nikawa mkali kama pilipili.

Nyie mnaolipa kwa simu hamzijui sarafu. Sisi tulizijua kwa vidole. Kuna iliyopigwa chapa mara mbili, maandishi yake yana kivuli. Kuna ambayo ukiigeuza, picha ya nyuma iko kichwa chini. Na kuna iliyopigwa pembeni, nusu picha, nusu chuma kitupu. Zote mimi niliziita bandia, nikazirudisha. Hakuna aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Kiangazi kimoja, foleni imefika barabarani, akaja Mama Hamisi, rafiki yangu. Tulichezwa unyago pamoja, na waliochezwa pamoja hawaaibishani mbele za watu. Akanipa sarafu ya shilingi mia, swala mmoja wa picha ya nyuma hana kichwa. Nikaiinua wote waone. "Shoga, siku hizi unafyatua hela nyumbani?" Watu wakaangua kicheko. Akaiacha sarafu palepale, akaondoka na ndoo tupu.

Nilipopeleka mauzo benki kule Masasi, nikamwonyesha karani mkuu ile sarafu. Akaitazama kwa lenzi. "Mama, hii ni halali kabisa. Mashine ya kiwandani ndiyo iliyokosea."

Nikamwendea Mama Hamisi na ndoo ya maji kichwani. Hata kunitua hakunitua. "Umeniita mwizi mbele za watu, unaniomba radhi chumbani? Kaniombe palepale, wakusikie."

Nikaona haya. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho, mabomba yakafika majumbani, kioski kikafungwa, nami nikastaafu. Foleni ikawa haipo tena. Baba Zuhura alishatangulia, Zuhura mwenyewe yuko Dar. Nikirudishiwa chenji yenye kasoro dukani, naigeuzageuza peke yangu. Upweke unauma, jamani.

Watu walipatikana mwaka huu, msibani kwa Mama Hamisi. Nikasimama katikati ya wanawake, nikasema kwa sauti, "Hela ya Mama Hamisi ilikuwa halali. Mkosaji ni mimi."

Wakanitazama. Binti mmoja akamwuliza mwenziwe, "Hela gani?"

Hakuna aliyejua kumjibu.