Kiatu cha Kushoto cha Daktari wa Soli

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Daktari wa Soli. Usicheke. Mpe kiatu kilichochakaa, atakigeuza, atakipapasa, kisha atakwambia mwenye kiatu anaumwa goti gani. Mwalimu wa jirani aliambiwa akapimwe nyonga kwa sababu ya kisigino kilicholika upande. Akapimwa, na kweli nyonga ilikuwa mbovu.

Lakini mwili wake mwenyewe? Thubutu!

Ilianza kiu. Jagi zima kabla ya chai. "Baba watoto, kapime sukari," nikamwambia. "Joto hili," akasema. Ikaja safari ya choo kila saa. "Nakwenda chooni kwa sababu nakunywa maji mengi." Na maji mengi ya nini? "Si yote nayapeleka chooni!" Ubishi kama huo utaujibu nini? Miguu ikaanza kufa ganzi. Lawama zikaangukia kigoda, kigoda kikabadilishwa.

Siku moja nafua soksi zake, ya kushoto ina damu. Nikamshika mguu: kidonda hiki hapa unyayoni, kipana kama kifungo cha koti.

"Hakiumi," akasema, akaurudisha mguu wake kama vile nataka kumwibia. "Kidonda kisichouma si kidonda."

Nikaingiza mkono ndani ya kiatu. Mama yangu! Msumari ulinichoma nikaruka. Mtu anaukanyaga kutwa, siku ngapi sijui, na hana habari. Nilikaa chini nikalia, sifichi. Mguu ule ulikuja kwetu kunichumbia mara saba, mara sita ukafukuzwa. Sikuwa tayari kuupoteza kwa ubishi.

Kusema nilishasema. Kiatu kilikuwa cha kahawia. Nikakipaka rangi nyeusi mara tatu, nikakitia kamba mpya, nikampelekea kinyozi wa mlango wa pili. Mume wangu nikamwambia viatu vyake nimeviosha, avae ndala.

"Shemeji," kinyozi akacheka, "mganga hajigangi."

"Na kinyozi hajinyoi. Chukua kiatu uende."

Kibanda cha mume wangu kiko mbele ya nyumba. Nikasimama nyuma ya dirisha, kadi ya hospitali mkononi.

"Cha mteja wangu hiki," kinyozi akasema. "Hebu kitazame."

Mume wangu akakigeuza. "Huyu anaburuta mguu. Ona ncha ilivyolika." Akaingiza mkono, akautoa mbio. "Kuna msumari! Na hakulalamika?"

"Hajasema neno."

"Basi mguu umekufa huo! Aende hospitali leo, si kesho. Ana mke?"

"Anaye."

"Mke gani huyo, anamkodolea macho tu?"

Nusura nipasue kioo.

"Na fundi aliyepiga msumari huu afungiwe kibanda! Kazi gani hii? Na ushonaji wenyewe..." Akakwaruza rangi kwa ukucha. Chini ya weusi ukatokea uzi wa kijani. Mtaani petu uzi wa kijani anautumia fundi mmoja tu, kwa maringo.

Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ameacha mtu kitini.

Nilipotoka nje, mume wangu alikuwa bado amekishika kile kiatu. Hakuniangalia.

"Mama watoto, soli hii niliibadilisha lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

Akautazama mguu wake kama wa mgeni. "Msumari sikuusikia," akasema. "Sikuusikia kabisa." Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, yeye ambaye hata gunia la soli hataki nimsaidie kubeba. Tukaenda hospitali vile vile, kiatu tumekibeba kwenye mfuko.

Sukari ilikuwa juu, juu kweli kweli. Daktari alikisafisha kidonda, akampa dawa, akasema wiki mbili zaidi tungekuwa tunazungumza habari za kukata. Nikashika ukuta.

"Mzee, umewahi," akasema daktari. "Nani alikushauri uje?"

Mume wangu akakohoa, akanyoosha mgongo.

"Kuna fundi viatu mmoja mtaani kwetu. Bingwa, daktari. Yule hakosei."

Nilikuwa na maneno ya kujaza ndoo. Nikautazama mguu pale juu ya kitanda, nikahesabu vidole: vitano. Nikayameza yote.