Redio ya Vyumba Viwili

Ukuta uliotenganisha chumba changu na cha jirani haukufika juu. Fundi aliyeijenga ploti ile ya vyumba vya kupanga pale Malaba aliacha nafasi kati ya tofali la mwisho na mabati, na hakuna aliyejisumbua kuweka dari. Kwa hiyo kila mtu alisikia kila kitu. Nilijua nani anakoroma, nani anamsengenya mkubwa wake kwenye simu na nani ameunguza ugali. Mimi sikuwapa watu mengi ya kusikia, kwa sababu niliishi peke yangu na sikuwa na wa kuongea naye. Kilichosikika kutoka kwangu kilikuwa redio.

Chumba changu kilikuwa namba tano. Namba nne aliishi mama mmoja mzee wa kabila la Wateso, aliyeuza njugu za kukaanga kwa madereva wanaosubiri kwenye foleni ya malori. Pale plotini tuliitana kwa milango yetu. Nilimwita Mama Namba Nne kwa miaka minne, naye aliniita Baba wa Redio, na hakuna kati yetu aliyeona haja ya kujua zaidi.

Redio hiyo nilikuja nayo kutoka Nairobi, pamoja na godoro na sufuria mbili, ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani iliponihamishia mpakani, na baada ya mimi na mke wangu kukubaliana kwamba hakuna haja ya yeye kunifuata. Ilikuwa kubwa, ya spika mbili, na ilikuwa na tabia mbaya. Ukichomeka flashi ya nyimbo, ilibweka. Ukirudi kwenye stesheni, hasa zile za upande wa Uganda, sauti ilififia hadi unainama kuitafuta. Ulikuwa unashinda kwenye kifundo cha sauti, unapandisha, unashusha. Ukisahau kushusha kabla ya kurudi kwenye flashi, mabati ya ploti nzima yalitetemeka.

Jioni ya kwanza niliposahau, ukuta uligongwa mara moja kwa kitu cha mti. Nikashusha. Baadaye kidogo nikawa natafuta habari, nikaangukia stesheni moja ya ng'ambo iliyokuwa ikisoma matangazo kwa lugha nisiyoijua. Ukuta ukagongwa mara mbili. Nikashusha zaidi. Ukagongwa tena mara mbili, safari hii kwa hasira. Nikaona huyu mtu hana shukrani, nikaizima kabisa. Mara nikasikia mlango wa jirani unafunguliwa, halafu wangu unagongwa kwa kitu kile kile. Ulikuwa mwiko.

"Wewe, mbona umezima?" aliniuliza. "Mara moja ni punguza. Mara mbili ni ongeza. Sasa unazima na watu wanatangazwa?"

Nilimwambia sikujua kwamba ukuta una sheria. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mkubwa asiyejua kufunga kamba za viatu, kisha akanieleza. Kila jioni, saa moja, stesheni ile ilisoma matangazo ya vifo kwa Kiteso: nani amefariki, ni mtoto wa nani, wa kijiji gani, anazikwa lini. Mpaka umepita katikati ya koo zao, na wengi wa watu wake walikuwa upande wa pili. Alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, kaka yake, mzee mgonjwa aliyeishi huko karibu na Tororo. Dada yao alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Wakati huo redio ya mama ilikuwa imeungua, stima ilipokatika na kurudi kwa nguvu, na hakusikia tangazo.

"Nilifika mchanga umekauka," alisema. "Watu wamekula, wameenda. Nikasalimia mchanga."

"Watakupigia simu, mama."

"Nani? Hao vijana wanabadilisha laini kama soksi. Redio ndio haipotezi namba ya mtu."

Nilimuuliza kwa nini asinunue redio nyingine. Akaelekeza mwiko juu, kwenye ile nafasi chini ya mabati. "Ya nini? Yako inatosha sisi wawili."

Basi nikapata kazi nisiyoiomba. Kila siku ilipokaribia saa moja nilitoka kwenye flashi, nikaingia ile stesheni, nikazungusha kifundo hadi mwisho, nikakaa hapo hapo. Matangazo yalipokwisha sauti yake ilikuja kwa juu.

"Leo si wetu."

"Haya, mama."

"Lala vizuri."

Hayo tu. Mara nyingine aliongeza kwamba ni mzee wa Amagoro, au ni mtoto wa mwalimu fulani, lakini si wetu. Kisha alizima taa na kulala, maana aliamka mapema kukaanga njugu zake. Mimi mchana kutwa niliongea na madereva mpaka koo likauma, na yote yalikuwa karatasi: iko wapi, imegongwa muhuri, rudi kesho. Sikuwa nimeona kwamba ile "Leo si wetu" ndiyo sentensi pekee niliyoambiwa siku nzima ambayo haikuhusu lori.

Wakati huo niliiona kama kero, nisiseme uongo. Saa moja ndiyo saa ya kula, na mimi nilikuwa nimefungwa kwenye redio kama mlinzi wa geti. Nilikata vitunguu kwa mkono mmoja. Halafu jioni moja, matangazo yalipokwisha, nilirudi kwenye flashi bila kushusha. Kwaya ilifoka. Upande wa pili nikasikia karai linaanguka sakafuni, na njugu za siku nzima zikitawanyika. Hakugonga ukuta. Nilimsikia akiziokota taratibu, na nilikosa ujasiri wa kwenda kumsaidia.

Wiki hiyo ofisi ilinituma Busia kupeleka karatasi, na nilipomaliza niliingia duka moja la redio. Nilimweleza muuzaji shida yangu. Akacheka, akatoa redio ndogo nyeusi.

"Boss, hii iko na auto," alisema. "Toka kwa flashi ingia stesheni, toka stesheni ingia simu, sauti ni ile ile. Haishtuki, haishtui mtu. Yenyewe inajipima."

Niliinunua. Jioni nilikaa kitandani nikiihamisha kutoka flashi hadi simu hadi stesheni, mara kumi, mara ishirini, kama mtu anayemhoji shahidi anayemshuku. Haikukosea. Kwaya iliteremka, stesheni ya ng'ambo ikapanda, zote zikakutana katikati kwa adabu.

"Mama, unasikia?" niliita kwa juu.

"Nasikia. Imenyooka. Umeifanya nini?"

"Inajisawazisha yenyewe. Hakuna kupandisha tena, hakuna kushusha."

"Basi hakuna kazi," akasema.

Nilidhani ananisifu.

Redio hiyo ilikuwa pia na saa. Niliipangia iingie kwenye matangazo saa moja na irudi kwenye nyimbo yakiisha. Sasa kwa kuwa hakuna sauti iliyohitaji mkono wangu, sikuwa na sababu ya kukaa nyumbani. Nilianza kwenda kula kwenye kibanda cha barabarani, chapati na maharagwe, nikiangalia mpira kwenye televisheni yao pamoja na watu ambao hawakuniangalia. Redio niliiacha ikiongea. Nilijiona mtu mwema sana. Nilirudi baada ya saa mbili usiku, wakati taa ya namba nne ilikuwa imezimwa kama kawaida, na alfajiri niliondoka kabla sijasikia mtu.

Ukuta haukugongwa wiki ya kwanza. Haukugongwa wiki ya pili. Niliuchukua ukimya ule kuwa sifa ya redio. Niliwasimulia hata wenzangu ofisini kwamba nimemaliza ugomvi na jirani kwa kununua kifaa kimoja tu.

Lakini nilikuwa nimepungukiwa na kitu, na nilikijua. Alhamisi moja mvua kubwa ilinifungia ndani. Niliwasha jiko, nikakaanga mayai. Saa moja ilipofika redio ikaingia yenyewe kwenye matangazo, sauti sawasawa, wala haikuzidi ile ya tangazo la chakula cha kuku lililotangulia. Nilisikiliza kwa sikio moja yale maneno nisiyoyaelewa. Yalipokwisha nikasubiri "Leo si wetu." Haikuja. Nikasema labda mvua kwenye mabati imemeza sauti yake. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa miaka hamsini na miwili anaona haya kulisema: nyimbo ziliporudi nikapandisha sauti makusudi, juu kabisa, ili nigongewe.

Namba sita akapiga kelele. Namba nne, kimya. Nikashusha, nikasema moyoni kwamba mama amekasirika kuhusu zile njugu, au amelala, au amenizoea. Mayai yalikuwa yameungua chini. Niliyala hivyo hivyo.

Wiki mbili zaidi zikapita. Siku ya Jumapili nilikuwa nafua nje nilipoona mlango wa namba nne wazi. Mwanamke wa umri wa kati alikuwa anatoa vitu: godoro lililokunjwa, jiko, lile karai. Mwiko ulikuwa ndani ya karai. Nilimsalimia, nikamuuliza kama mama anahama.

Aliweka karai chini. "Mzee, wewe ndiye wa redio?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni binti yake. Mama tulimzika."

Nilibaki na shati mkononi, maji yakinichuruzika miguuni. Alinieleza bila kuharakisha. Mama alishikwa na kifua siku ya Jumatatu, karibu wiki tatu zilizokuwa zimepita, mchana, nikiwa kazini. Mtu wa bodaboda alimpeleka kwao Moding. Alifunga mlango wake mwenyewe kwa kufuli kabla ya kupanda. Jumanne usiku akafariki.

"Sikuambiwa," nilisema, na nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayelaumu.

Alinitazama kwa mshangao usio na ubaya. "Lakini tulitangaza. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, tukazika Jumamosi. Mjomba wetu huko ng'ambo alisikia kwa redio, na pamoja na ugonjwa wake wote alipanda bodaboda, akafika kabla hatujafunga jeneza. Mama alikuwa akisema, hapa kuna jirani yuko na redio, kila jioni tunasikiliza pamoja. Ndio tukajua wewe utasikia, utaambia watu wa ploti. Hukusikia?"

Nilimuuliza kama Alhamisi hiyo mvua ilinyesha.

"Ilinyesha sana. Tulihangaika na turubai."

Ningeweza kumwambia kwamba sijui Kiteso. Ni kweli, na ni aibu, kwa sababu nilikaa miaka minne nikitafsiriwa bila kujifunza hata neno la kumwambia mtu pole. Lakini hata asiyejua lugha husikia jina. Nikafahamu kwamba sikuwahi kumuuliza jina lake.

Jumatano na Ijumaa nilikuwa kibandani naangalia mpira. Redio yangu ilijiwasha, ikajipima, ikatangaza kifo chake kwa sauti nzuri iliyonyooka, ikapita juu ya ukuta hadi kwenye chumba chake mwenyewe. Vyumba vyote viwili havikuwa na mtu. Na Alhamisi nilikuwepo, nikigeuza mayai.

"Naomba unitajie jina lake," nilimwambia binti.

Alilitaja, la ubatizo na la Kiteso, polepole, kama mtu anayemsaidia karani kuandika. Nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Au ya pili.

Nilitaka kuomba ule mwiko, nikakosa uso wa kuuomba. Nilimsaidia kupakia godoro kwenye tuktuk. Nilimwambia nitakuja Moding kumwona mama. Akasema, "Karibu, mzee. Siku yoyote. Sasa hana haraka."

Nilienda Jumapili iliyofuata. Mchanga ulikuwa umekauka.

Siku hizi namba nne anaishi kijana wa kubadilisha pesa, ana spika yake na hagongi ukuta wa mtu. Nimeingia kwenye mipangilio ya ile redio nyeusi, nikatafuta mahali inapojisawazisha, nikapazima. Kibandani siendi tena jioni. Saa moja ikikaribia nashusha nyimbo mwenyewe, naingia stesheni ya ng'ambo, napandisha hadi mwisho na kukaa hapo, mkono kwenye kifundo, nikisikiliza majina. Nimeanza kuyatambua maneno machache: mtoto wa, kijiji cha, kesho. Matangazo yakiisha nabaki nimekaa. Sijui aliyekufa ni nani, na hakuna wa kuniambia kama ni wetu.