Mkia wa Ugonjwa na Mkwe Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni karibu na Rodi Kopany, Daktari Mkuu hakuniuliza cheti. Aliandika maneno matatu ubaoni: artrite, gastrite, appendicite. Yeye alikuwa Mtaliano. Mimi nilikuwa binti aliyejifunza Kitaliano jikoni kwa masista, na sasa nilikuwa nimeajiriwa kuwa mkalimani wake.

"Yote yana mkia mmoja," akasema. "Tumeutoa kwa Wayunani."

Kwa Wayunani wa kale, alinieleza, mkia huo ulimaanisha tu "wa mahali fulani": ugonjwa wa viungo, ugonjwa wa tumbo. Baadaye matabibu wakautumia kwa sehemu ya mwili iliyovimba na kupata moto. Wataliano, Wafaransa na Wareno wakaukata kidogo ukawa -ite. Wahispania wakaubakiza mzima, -itis. Basi nilipohamishiwa zahanati ya Magunga chini ya Muuguzi Mkuu Mhispania, kisha Ogwedhi kwa daktari Mbrazili msema Kireno, nilifika na nusu ya kazi mdomoni. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Nyinyi vijana mna simu zinazotafsiri. Sisi tulikuwa na mkia.

Lakini somo lenyewe nililipata palepale Rodi, kabla ya uhamisho. Mama mmoja muuza mahindi aliletwa na mume wa binti yake. Alikuwa amejikunja, jasho linamtiririka. Kijana aliogopa atakufa, kwa hiyo hakubanduka mlangoni. Sasa, kwetu Waluo mama hazungumzii mwili wake mbele ya mkwe. Alipoulizwa panapouma, akaonyesha goti.

Daktari akalishika goti, akalikunja na kulikunjua. "Mkia nauona usoni mwake," akaniambia. "Lakini mahali si hapa. Kwa nini ananificha?"

Nikamnong'oneza habari ya mkwe. Nilitarajia afoke, maana mgonjwa alikuwa anatuponyoka. Badala yake alivua glavu, akamwendea kijana na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Wewe iko nguvu. Saidia sisi. Jenereta nakataa."

Jenereta ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Kijana akatoka mbio.

"Ameenda kweli?" mama akaniuliza.

"Ameenda, mama."

Akaweka mkono chini ya tumbo, upande wa kulia, akalia kwa sauti. "Ni hapa, nyathina, mwanangu. Tangu jana."

Alipasuliwa kidole tumbo mara moja, akatoka salama. Tulipompelekea mkwe habari njema, tulimkuta amejaa oili mpaka viwikoni, akitafuta ubovu usiokuwepo.

"Mkia naujua mimi," Daktari Mkuu aliniambia tukinawa mikono. "Mahali anapajua mgonjwa. Tumpe nafasi aseme."

Tangu hapo ikawa desturi ya hospitali: wakwe hawafukuzwi, wanatumwa. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wengi walikuwa wazuri, lakini sijaona aliyemfikia yule kwa heshima. Nilimpenda kama baba. Alirudi kwao akazikwa huko, nami nikaendelea na kazi mpaka nikastaafu.

Juzi tumbo likanishika vibaya. Mkwe wangu akanipakia garini mpaka Rodi, akasimama kando ya kitanda, funguo bado mkononi. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, asiyemjua Daktari Mkuu hata kwa picha.

"Inauma wapi, Dana?" akaniuliza, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake.

Mimi, niliyetafsiri maumivu ya watu maisha yangu yote, nikamwonyesha goti.

Binti akaligusa. Akanitazama usoni, halafu akamgeukia mkwe wangu.

"Boss, hebu tusaidie kidogo huko nyuma. Jenereta imekataa."

Mkwe akatoka mbio. Hospitali ile siku hizi inatumia sola. Jenereta iliuzwa zamani. Machozi yakanitoka kabla mlango haujafungwa, nikaweka mkono mahali panapouma.