Catherine na Mzee wa Marekani

Ukitaka kumwona Catherine amekasirika, mwambie historia ni somo la kukariri. Mimi nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipokuja kufundisha shuleni kwetu, hapa jirani na Sepuka, akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Tukawa marafiki tangu siku hiyo, sijui hata ilikuwaje. Mimi nafundisha Kiswahili, ndimi mwalimu wa taaluma, na subira sina. Yeye ana subira ya kuku anayeatamia.

Amezaliwa Mkiwa, pale njia panda, mama yake anauzia abiria kuku wa kienyeji na vitunguu. Catherine alikua akikimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani, na anasema huko ndiko alikojifunza kusikiliza watu. Abiria anakuambia ameshiba, kumbe macho yote yako kwenye paja la kuku. Sasa ana nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule, kashamba ka alizeti, na sanduku la bati lililojaa makaratasi ya Marekani.

Ndiyo, Marekani. Kidato cha Tano wanasoma historia ya huko, na walimu wengi tunafundisha vile tulivyofundishwa: mwalimu anasoma notsi, wanafunzi wanaandika, kengele inalia. Catherine hataki. Anachapisha picha za zamani, matangazo ya magazeti, barua za watu waliokufa kitambo, anawagawia watoto. "Haya, iulizeni hiyo karatasi. Nani kaiandika? Alikuwa anamwandikia nani? Kaacha kusema nini?" Anawaacha wabishane kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza wataandika baadaye. Siku moja aliwapa picha ya wakulima wa kule wamesimama kwenye vumbi, miaka ile uchumi wao ulipoanguka. Marko akasema, "Mwalimu, hapa si Marekani, hapa ni kwetu mwezi wa kumi." Wakacheka, kisha wakaanza kuulizana yule mama kwenye picha alipika nini siku ile. Kengele ililia wakagoma kutoka.

Kilichomponza ni mkutano wa majimbo. Aliwagawa darasa zima, majimbo makubwa huku, madogo kule, wabishanie katiba kama wale wa mwanzo kule Marekani. Jamani! Walibishana kweli. Majimbo madogo yalipiga madawati, makubwa yakasusa yakatoka nje, na kelele zikafika ofisini kwa mkuu wa shule.

Mkuu wetu, Mwalimu Leonard, si mtu mbaya. Ni mtu wa matokeo. Akamwita Catherine mbele yangu. "Mwalimu, mtihani hauna maigizo. Alhamisi nakuja kukaa darasani kwako, mimi na mwalimu wa taaluma. Nisiporidhika, Kidato cha Tano nampa Stanley." Stanley ana notsi safi. Anazisoma tangu alipoajiriwa na hajabadilisha hata nukta.

Catherine alitoka pale macho mekundu. "Dada Yunisi," akaniambia, "hawa watoto wameanza kuuliza. Wakienda kwa Stanley watanyamaza tena." Nikamwambia basi asome notsi siku hiyo moja tu, mkuu aridhike, yaishe. Akasema afadhali arudi Mkiwa akauze kuku. Kichwa ngumu kile, acha tu!

Alhamisi tukaingia, mkuu na mimi tukakaa nyuma. Catherine akagawa karatasi. Yalikuwa maneno ya mzee mmoja mweusi wa Marekani, aliyezaliwa utumwani na kuhojiwa miaka mingi baadaye, akiwa kikongwe. Mzee anasema bwana wake alikuwa mtu mwema, walikula vizuri, na siku zile zilikuwa na nafuu kuliko hizi.

"Haya," akauliza Catherine, "tumwamini?"

"Tumwamini," darasa zima.

"Kwa nini?"

Fabiano akasimama. "Ni mzee, mwalimu. Na alikuwepo mwenyewe. Sisi ni nani tuseme mzee anadanganya?"

Hapo nikajua tumekwisha. Watoto wetu wamelelewa. Mzee unampa shikamoo, akiongea unasikiliza, basi. Catherine akauliza hivi, akauliza vile, wapi! Mkuu akaanza kuandika kwenye karatasi yake.

Ndipo Catherine akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. "Mkuu, naomba utusaidie. Wewe ni mzee, uko nyumbani kwako. Fabiano ni bwana mifugo, ametoka wilayani." Mkuu akashangaa, lakini mbele ya watoto angekataaje?

Fabiano akamsogelea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Mzee, serikali inataka kujua, una ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe!" Mkuu akaguna, hata hakufikiri. "Ng'ombe wako wapi, na ukame huu? Vimebaki viwili vitatu tu hapo, vya maziwa ya watoto."

Weee! Darasa likavunjika mbavu. Ng'ombe wa mkuu wakipita kwenda bwawani, vipindi vinasimama mpaka vumbi litulie, na hakuna mtoto asiyejua. Mimi mwenyewe nilijificha nyuma ya daftari. Kisha wakakumbuka wamemcheka nani, wakainamisha vichwa. Mkuu alikuwa ameganda, mdomo wazi. Jibu lile hakulitunga. Ndivyo alivyojibu baba yake, na ndivyo anavyojibu kila mwenye zizi huku kwetu akija mgeni wa serikali na kalamu.

Eliza, ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono taratibu. "Mwalimu, huyu mzee... aliyekuwa anamhoji ni nani?"

Catherine akashusha pumzi. "Mzungu wa wilaya ile ile, katumwa na serikali. Anafahamiana na ukoo wa yule bwana. Na mzee wakati huo hana kitu, anangojea msaada wa serikali."

Vichwa vikainama tena kwenye karatasi, safari hii polepole. Eliza akakuta mstari ambao wote tuliupita mbio, na mimi nikiwemo. Akausoma kwa sauti: "Bwana wetu alikuwa mwema. Siku alipomuuza mama yangu, alinipa sukari nilambe."

Fabiano alikuwa bado amesimama mbele ya mkuu. "Kakumbuka mpaka sukari," akasema.

Mkuu akainuka, akatembea mpaka ubaoni. "Andikeni," akasema.

Kalamu zote zikashikwa, maana neno hilo wamelizoea. Catherine akaweka chaki mezani, akasogea pembeni mlangoni, na nilimwona anauma mdomo asilie. Wakati ule nilimchukia mkuu, nasema ukweli.

"Andikeni swali," mkuu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu mzee angeulizwa na mtoto wake mwenyewe, angejibu nini?"

Akasubiri mpaka wa mwisho akamaliza kuandika. Kisha akachukua ile chaki mezani, akamfuata Catherine pale mlangoni, akampa mkononi. "Endelea, mwalimu. Darasa ni lako."

Catherine akaipokea kwa mikono miwili. Akageukia ubao, akakaa hivyo ametupa mgongo, na watoto wakamsubiri mpaka alipoweza kuongea.