Aliniuliza "Umefunga?" Nikajibu "Nimefunga"

Admin, naomba ulifiche jina langu, maana kuna watu wa nyumba yetu wanaosoma ukurasa huu. Nina miaka 31, Mkenya wa Bungoma, mama wa mtoto mmoja. Ni mfanyakazi wa ndani kwa familia moja ya Mirdif, huku Uarabuni, huu mwaka wa nne. Dereva wetu ni mzee wa Unguja, mimi namwita Baba. Ndiye aliyenifundisha kila kitu, hata namna ya kumjibu madam akiwa amekasirika.

Joto likipungua, mabosi wangu hupenda kwenda kambini jangwani na karavani lao, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Msidhani ni raha tupu. Lina jiko na choo, kwa hiyo mkifika lazima muunganishe umeme, maji safi, na ule mpira mnene wa kupeleka uchafu wa choo kwenye shimo la kambi. Mpira ni kazi yangu. Koki ya tangi la uchafu ni ya Baba.

Wiki iliyopita tangi lilijaa. Baba akaniambia, "Mwanangu, funga mpira, mie nakuja kufungua koki." Nimevaa glovu, hata sijaugusa, madam akapiga kelele kwamba bomba la jikoni linamwaga maji. "Yalla, quickly!" Nikakimbia ndani nikalifunga. Baba akauliza kutoka nje, "Umefunga?" Nikajibu, "Nimefunga, Baba." Yeye anauliza mpira, mimi nasema bomba.

Mdomo wa tangi uko chini, ukisimama huuoni. Baba akavuta kishikio. Uchafu wote ukatiririka mpaka kwenye mkeka wa mama mkwe wa madam, aliyekuwa anaswali alasiri. Jamani, niliona aibu ya kufa.

Lakini kosa langu hasa lilikuja baadaye. Watu walipokimbia kumsaidia bibi, mimi niliinama nikauchomeka ule mpira nusu, ionekane umechomoka wenyewe. Sir, mume wa madam, akaja akauliza, "Who fix this?" Nikakaa kimya. Baba aliniangalia, akaangalia glovu zangu zilizolowa, akasema, "Me, sir. My mistake." Sir akasema khalas, imekwisha, visa yake inafutwa.

Ni miaka kumi na tisa aliyowatumikia, na Ijumaa anaondoka. Jana nilimfuata gereji nikalia. Akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Mie wangu wameshakua, wako bado anasoma." Halafu akaanza kunielekeza tena: "Siku nyingine, mpira sema umeunganisha. Bomba ndilo useme umefunga." Mtu anafukuzwa kwa ajili yangu na bado ananifundisha kazi!

Ndugu zangu, siku ile mpira sikuufunga. Nilichofunga vizuri ni mdomo wangu. Nikisema, huenda nikarudishwa nyumbani mimi pia, na yeye wasimwache abaki. Nisiposema, Ijumaa nitambebea begi mpaka kwenye gari kama mtu mwema, na yeye ataniombea dua.

Nimwendee madam au nisimwendee? Msinionee huruma, niambieni ukweli, na mniambie kabla ya Ijumaa.